Indonesia: Visiwa 17,000 Vinavyomngoja Mswahili

Hukumu kwanza, maana siwezi kuibana moyoni hadi mwisho wa makala: Mungu akikujaalia nauli ya safari moja tu ya mbali, nenda Indonesia. Usifuate mchanga mweupe. Mchanga mweupe tunao. Nungwi upo, Diani upo, Kilwa upo. Vitabu vingi vya utalii kuhusu nchi hii vimeandikiwa watu wanaokimbia baridi, ndiyo maana vinaanzia Bali na kuishia Bali. Mtu wa Pemba, wa Bukoba, wa Tanga au wa Goma anafika na macho mengine. Anatua Jakarta akidhani amekwenda ugenini, na baada ya siku chache ameshaanza kuuliza maswali kuhusu kwao.

Ndivyo ilivyonipata, na bado moyo unanidunda. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, wahenga walisema, na Indonesia ina akina Firauni wasiokwisha. Haya hapa ndiyo yaliyonishika zaidi kwa mtazamo wa kwanza.

Ukubwa usioingia akilini

Visiwa ni zaidi ya 17,000. Watu ni zaidi ya milioni 270, taifa la nne duniani kwa wingi wa watu. Toka Sabang, ncha ya magharibi kule Aceh, hadi Merauke, mpakani na Papua New Guinea, ni zaidi ya kilomita 5,000. Ruka kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini moja kwa moja kwa umbali huo, utatua Uturuki! Na wao wanaposafiri hivyo hawajatoka nchini mwao. Pesa ni ileile, wimbo wa taifa ni uleule. Kinachobadilika ni saa tu. Jakarta ikiwa saa sita mchana, Bali ni saa saba, Papua ni saa nane.

Halafu uone jinsi watu walivyojipanga. Kisiwa cha Java kinaingia mara saba katika Tanzania, lakini kinabeba watu wapatao milioni 150, zaidi ya mara mbili ya Watanzania wote. Mpunga unapanda milima ngazi kwa ngazi, na kijiji kinaanza kabla cha nyuma hakijaisha. Ukivuka hadi Papua, nchi ileile, unakuta misitu inayomeza upeo wa macho, na juu yake Puncak Jaya, mlima wa mita 4,884 wenye barafu karibu kabisa na ikweta. Nilikua nikiamini barafu ya ikweta ni fahari ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Kumbe tuna mwenzetu upande wa pili wa bahari, na barafu yake nayo, kama ya kwetu, inayeyuka mbele ya macho ya watu.

Ardhi iliyo hai

Volkano hai ni zaidi ya 120. Tamka tena namba hiyo polepole. Ndugu zetu wa Goma, wanaoishi chini ya Nyiragongo, watawaelewa wakulima wa miteremko ya Merapi, karibu na Yogyakarta: mlima unatisha, lakini majivu yake ndiyo mbolea, na hakuna anayeacha shamba linalomlisha.

Milima hii imewahi kuisumbua dunia nzima. Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, ulilipuka Aprili 1815 kwa nguvu isiyo na mfano katika historia iliyoandikwa. Mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa kiangazi na mazao yakaharibika mashambani. Krakatau ulilipuka Agosti 1883, na mlio wake ukasikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 mbali, katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Mawe yake mepesi yanayoelea yalisukumwa na mikondo hadi yakafika pwani ya Afrika Mashariki.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni Toba. Leo ni ziwa la kuvutia huko Sumatra, lenye urefu wa kilomita 100, na ndani yake kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Samosir ambako watu wa kabila la Batak wanaishi na kulima. Miaka ipatayo 74,000 iliyopita hapo palikuwa na mlipuko mkubwa kupita kiasi. Wanasayansi walipochimba tope la chini ya Ziwa Nyasa walikuta ndani yake chembechembe za kioo za volkano hiyo, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka zilikotoka! Wavuvi wa Mbamba Bay wanatupa nyavu juu ya vumbi la Sumatra. Nani aliwahi kutufundisha hilo shuleni?

Mpaka usioonekana

Kati ya Bali na Lombok kuna mlangobahari wenye upana wa kilomita kama 35. Kivuko kinauvuka kila siku kikiwa na pikipiki, kuku na magunia. Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyezunguka visiwa hivi kati ya 1854 na 1862, aligundua kwamba hapo ndipo wanyama wa Asia wanapogota. Magharibi ya mpaka huo, Sumatra na Borneo, kuna tembo, faru, chui milia na orangutani. Mashariki yake wanaanza kasuku wa kishungi, na ukizidi kwenda unawakuta wanyama wanaobeba watoto mfukoni, jamaa wa kangaruu. Sababu yake ni kina cha maji. Enzi za barafu bahari iliposhuka, visiwa vya magharibi viliungana na bara la Asia na wanyama wakatembea kwa miguu hadi huko, ila mlangobahari wa Lombok ulikuwa na kina kirefu mno, haukukauka.

Akiwa Ternate, mwaka 1858, Wallace alimtumia Charles Darwin barua yenye hoja ya mabadiliko ya viumbe ambayo Darwin mwenyewe alikuwa ameikalia kwa miaka mingi. Mwaka huohuo maandishi ya wote wawili yakasomwa London. Nadharia iliyobadili biolojia ilipita katika kisiwa kidogo cha karafuu!

Viumbe wenyewe ni vioja. Kenge wa Komodo anafika mita 3, na jike aliyefugwa bila dume amewahi kutaga mayai yakaanguliwa. Rafflesia, ua la misitu ya Sumatra, hufikia upana wa karibu mita moja na kunuka mzoga ili kuwaita nzi.

Na wasomaji wa Tanga, kaeni sawa. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, alipatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938, na kwa miongo mingi iliaminika kwamba yuko upande wetu wa bahari tu, Komoro na majirani zake. Mwaka 1997 akaonekana sokoni Manado, Sulawesi, akisukumwa kwenye mkokoteni! Ni spishi nyingine, ndugu wa huyu wa kwetu, aliyepewa jina rasmi mwaka 1999. Tanzania ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga mwaka 2009. Samaki yule wa kale ana makao mawili yanayojulikana duniani: upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, na kwao.

Lugha 700, taifa moja

Hapa ndipo nilipotamani kila Mswahili awe nami. Indonesia ina lugha zaidi ya 700. Wajava peke yao ni kama asilimia 40 ya watu wote, na lugha yao ina fasihi ya karne nyingi. Tarehe 28 Oktoba 1928, chini ya utawala wa Waholanzi, vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, wakala kiapo: nchi moja, taifa moja, lugha moja ya umoja. Lugha waliyoichagua haikuwa Kijava. Waliteua Kimalei, lugha ya bandari na masoko, ambayo wachache tu walizaliwa nayo, wakaiita Kiindonesia. Viongozi Soekarno na Hatta walipotangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, chombo cha kuongea na taifa zima kilikuwa tayari.

Mtanzania ataelewa uzito wa jambo hili bila mhadhiri. Kwetu nako Wasukuma ndio wengi, na lugha iliyotuunganisha ilitoka kwenye majahazi na njia za misafara. Nimekaa kwenye vibanda vya chakula vya Makassar, kisiwani Sulawesi, nikisikia Mbugi, Mjava na Mtoraja wakitaniana kwa lugha moja isiyo ya mama wa yeyote kati yao, nikajisikia niko stendi ya Morogoro.

Umoja huo haujawafanya wafanane. Waislamu ni zaidi ya milioni 200, lakini Bali ni ya Wahindu, na siku ya Nyepi, mwaka wao mpya, kisiwa kizima kinanyamaza hadi uwanja wa ndege unafungwa kwa saa 24. Watoraja wa Sulawesi, wengi wao Wakristo, hukaa na maiti wa mpendwa wao nyumbani kwa miezi, hata miaka, hadi ukoo ukusanye nyati na fedha za mazishi yanayomstahili. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi ni Waislamu walioshika dini barabara, na kwao nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa toka mama hadi binti. Wangazidja wa Komoro watatabasamu wakisoma hapa, maana nyumba kwao nayo ni ya mwanamke.

Kisha kuna kisa cha Simeulue, ambacho nitakisimulia hadi nizeeke. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi katika kisiwa hicho cha karibu na Aceh. Walionusurika waliweka tukio hilo katika nyimbo na hadithi za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyofika hadi Somalia, Kenya na Tanzania iliua watu zaidi ya laki moja na nusu huko Aceh. Simeulue, iliyokuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, ilipoteza watu 7 kati ya makumi ya maelfu. Hawakuwa na ving'ora wala simu za tahadhari. Waliokolewa na masimulizi ya bibi zao.

Mali zetu zina kwao

Sasa tuje kwenye sehemu iliyonikosesha usingizi. Ukitoka tu uwanja wa ndege unapokewa na harufu ya karafuu. Ni sigara zao za kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya karafuu ya nchi hiyo, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 walinunua hata ya Unguja na Pemba ili kukidhi kiu hiyo.

Karafuu yenyewe asili yake ni Maluku, visiwa vidogo vya volkano kama Ternate na Tidore. Waholanzi walitaka kuihodhi, wakakata na kuchoma mikarafuu kila mahali isipokuwa pale walipopachagua wao. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche kwa siri na kuipeleka Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya upande huo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Seyyid Said akasisitiza ipandwe, na historia yetu ikabadilika, kwa utajiri wa wachache na kwa machungu ya watumwa waliofanyishwa kazi mashambani. Kungumanga nayo ilikuwa inaota visiwa vya Banda peke yake. Kwa ajili yake Waholanzi waliwaua na kuwafukuza karibu wenyeji wote wa Banda mwaka 1621, na kwa mkataba wa 1667 wakabaki na kisiwa kidogo cha Run huku Waingereza wakibaki na Manhattan. Ndiyo, Manhattan ya New York!

Dada na mama zangu, kitenge nacho kina hadithi huko. Batiki ya Java, inayochorwa kwa nta ya moto na kutumbukizwa rangi, ndiyo iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi katika karne ya 19. Kitambaa cha mashine kikapata soko Afrika Magharibi, kikasambaa hadi Kinshasa, Lubumbashi, Bujumbura na Kariakoo. Niliwaona akina mama wa Yogyakarta wakishika kile kidude cha shaba chenye mdomo mwembamba na kuchora nukta kwa nukta, nguo moja ikichukua wiki nyingi, nikaelewa kwa nini UNESCO iliiorodhesha sanaa hiyo mwaka 2009.

Borobudur, hekalu la Kibudha la karne ya 9 karibu na Yogyakarta, lina sanamu 504 za Budha na vibao 2,672 vya michongo. Watalii walizoea kupanda kileleni kungoja jua. Wewe tafuta kwanza mchongo wa jahazi. Liko pale na matanga yake na matengo yake ubavuni, na mtu yeyote aliyewahi kupanda ngalawa atasimama akodoe. Mwaka 2003 mafundi waliunda jahazi la kufuata mchongo huo, likang'oa nanga Jakarta, likapita Madagaska na Rasi ya Tumaini Jema, likafika Ghana mwaka 2004. Kwamba mababu zao waliweza safari ndefu, ushahidi uko jirani zetu: Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ndugu yake wa karibu zaidi ni Kima'anyan, kinachozungumzwa ndani ya Borneo. Migomba nayo ilitokea pande hizo za mashariki kabla ya Bukoba na Buganda kuifanya kuwa uhai wao.

Na kuna uzi wa Hadhramaut. Masharifu waliotoka huko walikwenda pande zote mbili za bahari. Maulidi ya Habib Ali al-Habshi, ambayo Habib Saleh aliyaleta Lamu, yanasomwa pia Solo, Java, kwa umati mkubwa. Mtu wa msikiti wa Riyadha wa Lamu akiingia msikitini Solo siku ya maulidi hayo, hatahitaji mkalimani wa kumwambia ni mahali gani pa kusimama.

Tumbo nalo lina maoni

Wana vibanda vya chakula viitwavyo warung, na mama ntilie wetu wangejisikia nyumbani humo. Sate ni mishikaki midogo yenye mchuzi mzito wa karanga. Nasi goreng, wali wa kukaanga, ni kifungua kinywa bila aibu. Tempe, maharage ya soya yaliyoumuliwa hadi yakashikana kuwa kipande kimoja, ni bei nafuu na tamu ikikaangwa. Natamani mtu ailete kwetu kesho. Rendang ya Waminangkabau ndiyo mfalme: nyama ya ng'ombe inapikwa katika tui la nazi na viungo kwa saa nyingi hadi tui likauke na nyama iwe nyeusi. Doriani na shokishoki, ambazo Tanzania bara wengi huzijua kwa kusikia tu kutoka Zanzibar, huko zinarundikwa barabarani.

Kasoro, na zina uzito

Foleni za Jakarta zinachosha hata mtu wa Nairobi, ingawa treni ya mwendo kasi ya Whoosh, iliyoanza kazi 2023, inakufikisha mji wa Bandung chini ya saa moja. Maeneo ya kaskazini ya jiji yanadidimia kwa sababu maji ya chini ya ardhi yanavutwa kupita kiasi. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuhamishia makao makuu Nusantara, mji mpya unaojengwa msituni Borneo; waliofuatilia safari ya serikali ya Tanzania kuhamia Dodoma tangu 1973 watajua kwamba jambo hili halina haraka.

Linaloniuma zaidi ni misitu. Mashamba ya michikichi yamemeza makazi ya orangutani, na jamii ya Tapanuli, iliyotambuliwa mwaka 2017, imebakiwa na wanyama wasiofika 800. Mchikichi wenyewe si wa kwao. Ni mti wa Afrika. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor mwaka 1848, na leo Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese. Wao walitupa mkarafuu, nasi Waafrika tukawapa mchikichi, na pande zote mbili kuna watu na viumbe waliolipia gharama.

Uanzie wapi

Nenda kati ya Mei na Septemba, sehemu nyingi zikiwa na ukavu. Anzia Yogyakarta: Borobudur, hekalu la Kihindu la Prambanan, batiki, na rendang jioni. Kisha ruka Makassar. Karibu na hapo, katika mapango ya chokaa ya Maros na Pangkep, kuna mchoro wenye umri wa angalau miaka 51,200 wa nguruwe mwitu na watu, miongoni mwa michoro ya kale kuliko yote inayojulikana. Shuka kusini hadi Bulukumba uwaone mafundi wa phinisi wakiunda merikebu kubwa ufukweni bila ramani ya karatasi, wakifunga mbao za nje kwanza na mataruma baadaye. Umalizie Ternate, ukapande mlima wa Gamalama hadi kwenye mikarafuu.

Bali ipo, ni nzuri, na itakungoja. Wengine waende huko kwanza. Sisi tuna sababu za kwenda mbali zaidi mashariki. Soma kidogo habari za karafuu kabla ya kuondoka, jifunze salamu za Kiindonesia, na acha nusu ya begi tupu, kwa sababu batiki utainunua tu.